Watoto wa Polandi Chini ya Mlima Meru

Msafiri atokaye Moshi kwenda Arusha, akiisha kupita Usa River, hufika Tengeru, penye soko lijulikanalo sana kwa ndizi na mboga. Wasafiri wengi hununua wanachotaka wakaenda zao. Lakini mtu akiacha barabara kuu na kuuliza njia ya kwenda chuo cha mifugo, ataonyeshwa makaburi yaliyozungushiwa ukuta, yapata 150 kwa hesabu, na juu ya mawe yake atasoma majina ambayo ulimi wa mtu wa huku hauyawezi upesi. Ni majina ya Wapolandi. Nchi yao iko katikati ya Ulaya, nchi ya theluji na misitu ya misonobari. Waliolala pale hawakuja kutafuta dhahabu, wala kuhubiri dini, wala kuchukua mashamba. Waliletwa, na wengi wa wale walioletwa walikuwa wanawake na watoto.

Nimekusudia kueleza jinsi watu hao walivyofika, na kwa nini wengi wao, vita vilipokwisha, hawakurudi kwao.

Wazee wetu waliokwenda Burma mwaka 1944 pamoja na King's African Rifles waliporudi walisimulia habari za Mjapani na Mjerumani. Habari za Mrusi hazikusimuliwa sana, kwa kuwa wakati ule Mrusi alikuwa rafiki wa Mwingereza, na mabaya ya rafiki hayatangazwi. Nadhani hiyo ndiyo sababu moja iliyofanya mambo haya yakae gizani muda mrefu hivyo, hata huko Ulaya kwenyewe.

Tarehe 1 Septemba 1939 majeshi ya Ujerumani yaliingia Polandi kutoka magharibi. Hata ilipofika tarehe 17 mwezi ule ule, majeshi ya Urusi ya Kisovyeti yakaingia kutoka mashariki. Hao wawili walikuwa wamekwisha kupatana kwa siri mwezi wa Agosti, nao wakaigawa nchi kama watu wagawanao mbuzi wa wizi. Upande wa Mjerumani yalifanyika mauaji ambayo dunia nzima inayajua, na Wayahudi wa Polandi wapatao milioni tatu waliangamizwa. Lakini watoto waliofika Tengeru walitoka upande wa pili, upande wa Mrusi, na habari za upande huo ndizo tunazozifuata hapa.

Tumchukue mtoto wa kike aliyezaliwa mwaka 1933 katika kijiji kilicho karibu na mji wa Lwów, mji ambao siku hizi huitwa Lviv na uko katika nchi ya Ukraine. Simtaji mtu mmoja mwenye jina lake; yaliyompata huyu yaliwapata maelfu, nao wameyasimulia na kuyaandika wakiisha kuwa watu wazima. Baba yake alikuwa askari wa zamani aliyepewa shamba na serikali baada ya vita vya Polandi na Urusi vya mwaka 1920. Hapa pana neno la kusema kwa haki. Waukraine waliokaa vijijini humo hawakupendezwa kuona ardhi ikigawiwa askari wa Kipolandi, na walikuwa na sababu zao. Mkenya ajuaye mambo ya masetla hahitaji kuelezwa sana. Lakini mtoto wa miaka sita hachagui shamba la baba yake.

Vita vilipoanza baba aliitwa jeshini, akatekwa na Warusi, asisikike tena. Shuleni misalaba ikashushwa ukutani, ikatundikwa picha ya Stalin. Wengi waliosoma katika shule za wakati ule wamesimulia kisa kimoja, nacho ni hiki: mwalimu mpya aliwaambia watoto wafumbe macho wamwombe Mungu awape peremende. Wakafumba, wakaomba, wakafumbua, hakuna kitu. Akawaambia wafumbe tena wamwombe Stalin. Walipofumbua wakakuta peremende mezani. Watoto walizila zile peremende, maana njaa ilikuwa imekwisha kuingia nyumbani. Lakini wengi wao waliona pia kwamba aliyeziweka mezani ni mwalimu.

Usiku wa kuamkia tarehe 10 Februari 1940, katika baridi kali kupita kiasi, polisi wa siri wa Kisovyeti na askari wenye bunduki waligonga milango ya familia za walowezi hao na za walinzi wa misitu. Wenye nyumba waliamriwa wafungashe vitu, wengine kwa nusu saa tu, wengine kwa saa moja au mbili. Mama mwenye akili alichukua mablanketi, unga, shoka na mashine ya kushonea. Mama aliyepigwa na bumbuwazi alichukua picha za harusi. Kisha wakapakiwa katika magari ya farasi mpaka stesheni, na huko wakaingizwa katika mabehewa ya ng'ombe, watu makumi kadhaa katika behewa moja, lenye jiko dogo la chuma katikati na tundu sakafuni la kwendea haja. Milango ikafungwa kwa nje. Safari ilikuwa ya majuma, na watoto wachanga waliokufa njiani walitolewa nje wakaachwa kandokando ya reli, katika theluji, maana ardhi ilikuwa imeganda na treni haikungoja.

Hamisho hilo halikuwa la mwisho. La pili lilikuwa Aprili 1940, la tatu Juni mwaka ule, la nne Mei na Juni 1941. Daftari za Wasovyeti wenyewe, zilipofunguliwa miaka mingi baadaye, zilionyesha watu zaidi ya 300,000 katika hamisho hizo nne. Wapolandi walikuwa wakidhani hesabu ni kubwa kuliko hiyo mara tatu au zaidi. Mwezi wa Aprili na Mei 1940 pia maofisa wa jeshi la Polandi na watu wengine wakubwa waliokuwa wametekwa, jumla yao yapata 22,000, walipigwa risasi kwa siri huko Katyn na mahali pengine. Moscow ilikana jambo hilo kwa miaka hamsini, ikakiri mwaka 1990.

Familia zilizohamishwa zilipelekwa kaskazini ya Urusi na Siberia kukata miti, au Kazakhstan kwenye mashamba ya ushirika. Sheria ilikuwa fupi: asiyefanya kazi asile. Mkate uligawiwa kwa kipimo, kwa kadiri ya kazi ya mtu, na mtoto alikuwa na kipimo chake kidogo. Mama akikata miti msituni, mtoto wa miaka saba ndiye aliyesimama katika mstari wa mkate tangu alfajiri, naye alijua kwamba akipoteza kile kikaratasi cha mgao hakuna kingine. Huko Kazakhstan kuni hazikuwapo. Watu walikausha samadi ya ng'ombe wakaiwasha. Kiangazi walichuma majani yawashayo wakayachemsha kwa chumvi, kama wangeipata chumvi. Mashine ya kushonea, kwa wale walioibeba, iliuzwa kwa viazi.

Mambo yaligeuka tarehe 22 Juni 1941, Mjerumani alipomshambulia Mrusi, mwenzake wa jana. Sasa Stalin alihitaji rafiki. Tarehe 30 Julai serikali ya Polandi iliyokuwa uhamishoni London, chini ya Jenerali Sikorski, ilitia sahihi mapatano na Moscow, na mwezi wa Agosti likatoka tangazo kwamba Wapolandi waliofungwa na kuhamishwa wamepewa msamaha. Hebu litazame neno hilo. Msamaha hupewa mkosaji. Mtoto aliyetolewa kitandani usiku, akiwa na miaka sita, aliambiwa kwamba amesamehewa. Hata hivyo hakuna aliyekaa kubishana juu ya neno. Lililotakiwa ni kuondoka.

Jenerali Władysław Anders alitolewa katika gereza la Lubyanka, Moscow, akapewa kazi ya kuunda jeshi la Wapolandi humo humo Urusi. Habari zikaenea kambini na vijijini: liko jeshi letu kusini! Watu wakafunga safari kwa treni, kwa miguu, kwa mitumbwi ya kuunganisha magogo, maelfu ya maili kuelekea Uzbekistan, penye joto. Waliacha baridi wakakutana na homa ya chawa, kuhara damu na malaria. Yasemekana wengi walikufa katika miezi ile ya uhuru wa kwanza kama katika miezi ya kufungwa. Jeshi lilikuwa na chakula cha askari tu, na askari waligawana kipimo chao na watoto. Zikaanzishwa nyumba za yatima karibu na makambi. Wako akina mama waliowapeleka watoto wao wenyewe katika nyumba hizo, wakawafundisha waseme kwamba wazazi wamekufa, kwa sababu walisikia kwamba yatima watatangulizwa kutoka. Baadhi ya watoto hao hawakuwaona mama zao tena, na uongo waliofundishwa ukawa kweli.

Kutoka kwenyewe kulifanyika mara mbili katika mwaka 1942, Machi na Aprili, kisha Agosti. Meli zilipakia watu katika bandari ya Krasnovodsk, zikavuka bahari ya Caspian mpaka Pahlevi, bandari ya Uajemi, ambayo sasa huitwa Bandar-e Anzali. Jumla ya waliovuka ni watu wapatao 115,000, wengi wao askari, na waliobaki zaidi ya 35,000 walikuwa raia. Mamia ya maelfu walibaki nyuma, kwa kuwa mlango ulifungwa.

Walipofika pwani ya Pahlevi waliogeshwa, wakanyolewa nywele, nguo zao za matambara na chawa zikachomwa moto. Wakapewa supu ya kondoo yenye mafuta. Hapo wengine walikufa, maana tumbo lililozoea maji ya majani haliwezi nyama kwa ghafula. Huko Tehran kuna makaburi ya Wapolandi yanayokaribia 2,000. Wajemi waliwapa tende na mayai, na mji wa Isfahan ulipokea watoto wengi mno hata ukaitwa mji wa watoto wa Polandi.

Lakini Uajemi yenyewe ilikuwa na njaa, tena imejaa majeshi ya Mwingereza na Mrusi, wala haikuweza kuwakaa wote hao. Waingereza wakatafuta mahali pa kuwaweka raia. Wengine walipelekwa Bara Hindi, ambako mtawala wa Nawanagar aliwajengea watoto makao karibu na jumba lake la pwani. Wengine walikwenda Palestina na Lebanon, na baadaye wachache wakapelekwa Mexico na New Zealand. Kundi kubwa, watu wapatao 18,000 au zaidi kidogo, waliletwa Afrika.

Walisafiri kwa meli, wengi kupitia Karachi, na kushukia Mombasa, Tanga, Dar es Salaam au Beira. Uganda walipokea maelfu katika Masindi na Koja. Tanganyika ilikuwa na Tengeru, Kondoa, Ifunda, Kidugala na Morogoro. Hapa Kenya walikuwa na vituo vidogo Nyali, Makindu, Rongai na Nairobi. Wengine walipelekwa Rhodesia zote mbili, na watoto 500 walikwenda Oudtshoorn, Afrika ya Kusini. Katika makambi hayo yote, la Tengeru ndilo lililokuwa kubwa, na lilipojaa lilikuwa na watu karibu 5,000.

Mtoto wetu alikuwa na miaka kumi sasa. Alishushwa katika lori jioni, akaona nyumba za mviringo zilizopakwa chokaa, zenye paa refu la nyasi, safu kwa safu kama uyoga. Waafrika ndio waliozijenga. Ndani palikuwa na vitanda vyenye chandarua, meza moja na taa ya mafuta. Usiku wa kwanza wengi hawakulala kwa kuogopa fisi. Asubuhi wakafungua mlango, wakauona Mlima Meru.

Waliokuwa watoto Tengeru, walipozeeka, karibu wote walisema neno moja, kwamba ile ndiyo miaka waliyokuwa watoto. Walikwisha kuwa wazee huko Kazakhstan, wakarudi utoto chini ya migomba. Shule zilikuwapo za kila namna, za watoto wadogo, za sekondari, za ushonaji na za kilimo. Vitabu vilikuwa haba, basi mwalimu alisoma kitabu kimoja darasa zima likanakili. Palikuwa na hospitali, shamba, kanisa la Kikatoliki, kanisa la Kiorthodoksi na sinagogi. Palikuwa na skauti, na wavulana na wasichana waliojifunza kuogelea katika ziwa Duluti ingawa walikatazwa, kwa ajili ya kina chake. Wakubwa walipanda Meru, na wachache walijaribu Kilimanjaro. Kwinini ilimezwa kila siku, na malaria haikukosa wa kumchukua.

Wanaume walikuwa wachache sana, kwa kuwa walikuwa pamoja na Jenerali Anders vitani, kwanza Mashariki ya Kati, kisha Italia. Baba wa mtoto wetu alipatikana! Barua ikafika, imefunguliwa na wakaguzi, yenye mhuri wa jeshi. Mwezi wa Mei 1944 jeshi hilo lilipanda mlima wa Monte Cassino, lililowashinda wengine, na tarehe 18 bendera ya Polandi ikapepea juu ya magofu ya nyumba ya watawa. Tengeru walishangilia na kulia pamoja, kwa maana baada ya kila ushindi yalikuja majina ya waliokufa.

Je, wenyeji waliwaonaje? Wameru na Waarusha walikuwa wamezoea Mzungu wa namna moja, yule atoaye amri. Hawa walikuwa Wazungu waliofua nguo zao wenyewe, waliolima kwa jembe, waliobadilishana nguo kuukuu kwa mayai na ndizi, na watoto wao walikwenda pekupeku wakajifunza Kiswahili cha sokoni kabla ya Kiingereza. Jambo hilo liliwatia mashaka maofisa wa serikali ya kikoloni. Waliona kwamba Mzungu maskini, tena afanyaye kazi ya mikono mbele ya Mwafrika, ataharibu heshima ya Wazungu wote. Kwa hiyo walitaka Wapolandi wakae kambini, na tangu mwanzo ilikuwa nia ya serikali kwamba vita vikiisha wote waondoke. Gharama zao ziliandikwa juu ya serikali ya Polandi ya London. Hata hivyo tusifanye picha kuwa nzuri kupita kiasi. Mpolandi kambini alikuwa na Mwafrika wa kumchotea maji na kumpikia jikoni, na Mwafrika huyo jioni alirudi kwake bila kuketi mezani.

Vita vya Ulaya viliisha Mei 1945. Hapa ndipo panapokuja jambo lililo zito kuliko yote katika habari hii, na ndilo lisilofahamika kwa wengi. Mtu angedhani sasa wangerudi kwao. Lakini mwezi wa Februari mwaka ule, huko Yalta, Stalin, Roosevelt na Churchill walikuwa wamepatana kwamba mashariki ya Polandi itakuwa ya Urusi. Kijiji cha mtoto wetu kikawa ndani ya Urusi ya Kisovyeti, yaani mikononi mwa wale wale waliogonga mlango usiku wa Februari. Nchi iliyobaki ikapewa serikali iliyowekwa na Moscow. Tarehe 5 Julai 1945 Uingereza iliacha kuitambua serikali ya Polandi ya London, ile ambayo askari wake walikufa Monte Cassino, ikaitambua ya Warsaw. Mwaka 1946 Warsaw ikamvua Jenerali Anders uraia wake.

Wajumbe wakafika makambini kuwashawishi watu warudi. Nao hawakusema uongo mtupu: nchi ilikuwa imeharibika, ilihitaji mikono, na mashamba yalikuwapo upande wa magharibi, yaliyotwaliwa kwa Wajerumani. Fikiri basi mama aketiye mbele ya nyumba yake ya nyasi na karatasi ya kujaza. Ana dada Polandi, kama yu hai. Ana mama mzee. Ana mume askari katika Italia ambaye, akirudi, yaweza kuwa atafungwa. Ana binti anayesoma vizuri. Na shamba analopewa ni la mtu mwingine aliyefukuzwa, kama yeye alivyofukuzwa. Wengine walitia sahihi wakarudi, na si haki kuwaita wajinga. Mtu hukumbuka makaburi ya wazee wake. Walio wengi walikataa. Waliiona Urusi kwa macho yao, wala hakuna gazeti lililoweza kuwaeleza zaidi.

Tangu mwaka 1947 shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi ndilo lililoangalia makambi hayo, likizunguka kutafuta nchi za kuwapokea. Wachache tu waliruhusiwa kubaki Afrika ya Mashariki, wale waliokuwa na kazi ambayo serikali iliitaka. Wenye mume au baba katika jeshi la Anders walichukuliwa Uingereza, na sheria ya kuwapokea ilitolewa huko mwaka 1947. Australia ilichukua wenye afya na wasio wazee, kwa mkataba wa kufanya kazi yoyote watakayopangiwa kwa miaka miwili. Meli ya General Langfitt iliondoka Mombasa na watu zaidi ya 1,000, ikafika Fremantle tarehe 15 Februari 1950. Kanada nayo ilichukua wengine.

Kisa cha yatima wa Tengeru kilitikisa hata wakubwa. Watoto wapatao 150 wasio na wazazi walikuwa wamebaki kambini, na Warsaw ikawadai kuwa ni raia wake. Padre mmoja Mfransisko, Lucjan Królikowski, ambaye yeye mwenyewe alikuwa amehamishwa Urusi kabla ya kufika Tengeru, aliwachukua mwaka 1949 wakapanda meli Mombasa mpaka Italia, wakapita kwa treni mpaka Ujerumani, nyuma yao serikali ya Warsaw ikipiga kelele kwamba watoto wameibwa. Mwezi wa Septemba watoto 123 walishuka Halifax, Kanada. Padre huyo alikaa nao wakakua, wakaoa na kuolewa, naye akafariki mwaka 2019 akiwa amepita miaka mia moja.

Mtoto wetu alikwenda Uingereza mwaka 1948, akiwa na miaka kumi na mitano. Alitazamia nyumba. Alipewa kibanda cha mabati cha nusu duara kilichoachwa na askari, katika shamba lenye matope, akaikumbuka nyumba ya nyasi ya Tengeru na jua lake. Baba alimkuta bandarini. Hawakutambuana. Miaka tisa ilikuwa imepita, na yule mtu alikuwa mwembamba, mwenye mvi, naye binti alikuwa msichana mrefu aliyetia maneno ya Kiswahili katika Kipolandi chake. Baba akapata kazi ya kufagia kiwandani, wala hakuwa peke yake: Jenerali Stanisław Maczek, aliyeongoza vifaru vya Wapolandi katika Ufaransa mwaka 1944, aliuza vinywaji katika hoteli ya Edinburgh. Lakini hakuna aliyegonga mlango usiku. Wako waliokaa Uingereza miaka mingi, na kila mara wakisikia hatua nje alfajiri, walikaa kitandani wakingoja zipite.

Huku nyuma nyumba za nyasi za Tengeru zilibomoka. Mwezi wa Novemba 1951, safari isiyo ndefu kutoka pale, upande wa pili wa Mlima Meru, serikali ya kikoloni iliwatoa Wameru wapatao 3,000 katika ardhi yao ya Engare Nanyuki ili wapewe walowezi wa Kizungu. Nyumba zao zilichomwa moto. Kirilo Japhet alikwenda New York mwaka 1952 kuwasemea mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa. Wapolandi wachache waliokuwa wamebaki karibu na Arusha waliona moshi huo au walisikia habari zake, na sijui kabila jingine la Wazungu ambalo lingeufahamu kwa urahisi kama wao. Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961.

Polandi ilingoja zaidi. Mwezi wa Juni 1989 ulifanyika uchaguzi ulioangusha utawala wa chama kimoja, na tarehe 22 Desemba 1990 Ryszard Kaczorowski, rais wa mwisho wa serikali ya uhamishoni London, alisafiri mpaka Warsaw akamkabidhi Lech Wałęsa alama za urais zilizotunzwa tangu mwaka 1939. Kaczorowski alikuwa kijana wa skauti Warusi walipomkamata mwaka 1940. Walimhukumu kifo, kisha wakabadili hukumu wakampeleka Kolyma, akatoka pamoja na jeshi la Anders. Alikufa tarehe 10 Aprili 2010 katika ajali ya ndege, akienda kuwaombea waliouawa Katyn.

Watoto wa Tengeru waliosalia sasa ni wazee wa miaka zaidi ya themanini, waliotawanyika London, Toronto, Perth na kwingineko. Wako waliorudi kutazama makaburi, wakiongozwa na wajukuu wasiojua Kipolandi. Huko Uganda, mahali paitwapo Nyabyeya karibu na Masindi, kanisa la matofali walilolijenga kwa mikono yao miaka ya vita, wakaliweka chini ya jina la Bikira Maria Malkia wa Polandi, lingali linasimama. Waumini wake siku hizi ni wenyeji wa pale, na Jumapili huimba kwa lugha zao.